Saa za Mkopo na Siku Zilizofutika: Mirungi, Vidonge na Kumbukumbu Zetu



 

Kwa wasionifahamu, mimi ni mwalimu wa Biolojia huku Hanang, mzaliwa wa Mbulu, na Dominika baada ya Misa huwa nakaa na vijana wa VIWAWA pamoja na wanafunzi wa TYCS. Hivi karibuni kijana mmoja wa bodaboda aliniuliza swali mbele ya wenzake: "Ticha, mirungi si majani tu? Hailewi kama pombe, inakuweka macho upige kazi. Sasa dhambi iko wapi hapo?" Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu. Mimi nami sikutaka kumwambia "ni dhambi, acha," halafu tufunge kikao kwa sala. Swali lake linastahili jibu la kueleweka.

Jibu langu kwa kifupi ni hili. Dawa hizi haziongezi hata saa moja kwenye siku yako, wala hazifuti uchungu wa jana. Kinachotokea ni kwamba zinakuondoa wewe kwenye maisha yako huku maisha yenyewe yanaendelea. Zinagusa vitu viwili ambavyo Mungu huvitumia sana kutufikia: kumbukumbu na muda. Tuvitazame kimoja kimoja, kwanza kwa jicho la sayansi, kisha kwa jicho la imani.

1. Makundi mawili tutakayozungumzia

Kundi la kwanza ni vichangamshi. Hivi huharakisha kazi ya ubongo na moyo. Humo kuna mirungi (wengine mnaiita gomba au veve), kokeini na methamfetamini. Hata kahawa na sigara ziko upande huo, ingawa nguvu zake hazilingani.

Kundi la pili ni vipumbaza. Hivi hupunguza kasi ya ubongo. Humo kuna pombe ya aina zote, ikiwemo gongo, kuna heroini, na kuna vidonge vya usingizi na vya kutuliza kama Valium, ambayo jina lake la kitaalamu ni diazepamu.

Bangi ina tabia zake, haikai sawasawa kwenye kundi lolote kati ya haya. Tutaigusa njiani.

Tusisahau pia sheria. Hapa Tanzania bangi na mirungi vyote ni haramu, hata kama Kenya mirungi inauzwa sokoni mchana kweupe. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kijana anayebeba "kimzigo kidogo tu" cha mtu kwenye pikipiki yake anabeba kesi.

2. Ubongo unaandikaje kumbukumbu?

Watu wengi wanadhani kumbukumbu ni kama picha ya simu: ukishaona tu, imehifadhiwa. Sivyo. Unachokiona sasa hivi kinakaa kwanza mahali pa muda mfupi, sekunde chache tu. Ili kidumu, lazima kiandikwe. Kazi hiyo ya kuandika hufanyika hasa kwenye sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, inayoitwa hipokampasi. Halafu usiku, ukiwa umelala, ubongo hurudia yale ya mchana na kuyaimarisha. Kwa hiyo usingizi ni sehemu ya kusoma. Mwanafunzi aliyelala vizuri baada ya kusoma bado anasoma, kwa namna hiyo.

Wanasayansi walijifunza mengi kuhusu jambo hili kupitia Mmarekani mmoja aliyeitwa Henry Molaison. Mwaka 1953, mwaka ule ule Mbulu ilipofanywa jimbo, Henry alifanyiwa upasuaji wa ubongo ili kutibu kifafa kikali. Madaktari waliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili. Kifafa kilipungua sana, lakini tangu siku ile hakuweza tena kutunza kumbukumbu mpya za matukio. Mtafiti Brenda Milner alifanya naye kazi kwa miaka mingi, na bado kila alipoingia chumbani Henry alimpokea kama mgeni. Ya utotoni mwake aliyakumbuka. Ya leo asubuhi, hapana. Henry alifariki mwaka 2008.

Kuna jambo la ziada kwa Henry ambalo wengi hawalisikii. Alipopimwa uwezo wa kukadiria muda, kwa vipindi vifupi alifanya vizuri tu. Vilipozidi kama sekunde 20 alianza kukosea sana, akiona muda mrefu ni mfupi. Bila kumbukumbu, hata muda ulimponyoka. Kumbe vitu hivi viwili ni ndugu.

3. Saa iliyo ndani yako

Fanya jaribio dogo. Mpe mwenzako simu ashike saa, wewe fumba macho. Sema "basi" ukidhani dakika moja imetimia. Wengi mtakosea kidogo, lakini hamtakuwa mbali. Ubongo una namna yake ya kupima muda, na kemikali moja inayohusika sana ni dopamini, ile ile inayohusika na hamu na furaha ya kupata kitu.

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Warren Meck, alichapisha majaribio aliyofanya na panya. Panya hao walikuwa wamefundishwa kungoja muda fulani kabla ya kutarajia chakula. Walipopewa methamfetamini, ambayo huongeza dopamini, waliwahi: saa yao ya ndani ilikimbia. Walipopewa dawa inayozuia dopamini, walichelewa.

Kwa binadamu pia ndivyo inavyoelekea. Aliyetumia kichangamshi huona kusubiri kidogo ni kusubiri sana. Abiria akichelewa kutoka dukani dakika mbili, yeye anaona amewekwa robo saa. Lakini mazungumzo yakinoga, usiku mzima unamkatikia na anashangaa jogoo anawika. Mvuta bangi naye mara nyingi huona dakika zinarefuka, na katikati ya sentensi anasahau alikuwa anaelekea wapi, kwa sababu kemikali ya bangi hushika hapo hapo kwenye hipokampasi.

Sasa fikiria mtu ambaye saa yake ya ndani imeharibiwa mwendo halafu anaendesha chombo. Kupita gari jingine ni hesabu ya muda: lile lori linalokuja litanifikia baada ya sekunde ngapi? Ukikosea sekunde mbili, umekosea maisha.

4. Mirungi: kukopa usingizi

Mirungi ina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kwa umbo na kazi ni jirani wa amfetamini. Inapatikana hasa kwenye majani mabichi, na ikikauka hupungua nguvu haraka. Ndiyo maana mirungi hufungwa kwenye majani ya mgomba na kusafirishwa mbio kutoka mashambani huko Same au ng'ambo ya mpaka. Ingekuwa "majani tu" isingehitaji mbio zile.

Mwanzoni mtafunaji huchangamka, anaongea sana, njaa inakimbia, macho yanakauka usingizi. Hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mirungi haikupi nguvu mpya. Inazima taa inayokuonya kwamba umechoka. Uchovu wenyewe umebaki pale pale mwilini, na stimu ikishuka unarudi wote kwa pamoja. Barabara yetu ya Babati kwenda Singida hupitisha malori usiku na mchana hapo Katesh. Dereva aliyekaa macho kwa gomba tangu jana anaweza kusinzia akiwa ameshika usukani, na hatajua hata alisinzia lini.

Kwa wanafunzi, hasa ninyi wa kidato cha nne mnaoingia kwenye mtihani wa Novemba, sikilizeni hapa kwa makini. Nimekutana na wanaotafuna ili wakeshe na vitabu. Ukikesha hivyo unakipa kitabu masaa mengi, lakini unaunyima ubongo ule usiku ambao ungeimarisha ulichosoma. Asubuhi unaingia chumba cha mtihani na macho mekundu, jambo unalijua, umelisoma jana, lakini haliji. Halafu ulimi ni mkavu na moyo unadunda. Masaa sita ya kusoma na masaa saba ya kulala yanashinda masaa kumi na tatu ya kutafuna.

Tena mirungi mara nyingi haiji peke yake. Usiku usingizi ukikataa, mtu anatafuta cha kushushia: pombe, au kidonge. Kesho yake anaamka mzito, anatafuta tena cha kumwamsha. Hivyo kijana wa miaka 20 anajikuta anahitaji kitu cha kumwamsha na kitu cha kumlaza, kazi ambazo Mungu alishaziweka mwilini bure.

5. Pombe na vidonge: kufuta leo

Kuna siku mtu anaambiwa, "Jana ulimtukana mzee wa jumuiya," naye anaapa hakumbuki. Wengi tunadhani anajifanya. Inawezekana kabisa anasema kweli. Pombe nyingi ikiingia haraka, hasa tumbo likiwa tupu, huizuia hipokampasi kuandika. Mtu anatembea, anaongea, anacheza muziki, hata anaendesha pikipiki, lakini hakuna kinachoandikwa. Na kisichoandikwa hakiwezi kukumbukwa kesho hata ukimsaidia. Wanywaji wa miaka mingi wasiokula vizuri huweza kupungukiwa vitamini B1 na kupata ugonjwa wa kumbukumbu ulioelezwa na daktari wa Kirusi, Sergei Korsakoff, kuanzia mwaka 1887. Usipotibiwa mapema huacha ulemavu wa kudumu.

Wazee wetu Wairaqw walikuwa na pombe ya mtama, na ndugu zetu Wabarbaig pombe ya asali, na pombe hizo zilikuwa na siku yake na watu wake. Kijana anayekunywa gongo peke yake nyuma ya duka saa tatu asubuhi asijifiche nyuma ya mila.

Vidonge vya aina ya diazepamu hufanya kazi inayofanana. Huongeza nguvu ya breki ya asili ya ubongo, kemikali iitwayo GABA. Hospitali vina kazi njema: kutuliza degedege, kumwandaa mgonjwa kabla ya kipimo cha maumivu au upasuaji. Mgonjwa asipokumbuka kipimo kile, hiyo ni huruma. Shida ni vidonge vilevile vikinunuliwa dukani bila cheti na kumezwa kila usiku ili kusahau.

Ninalo la kuwasimulia hapa, na mwenyewe ameniruhusu mradi nisitaje jina.

Mnakumbuka Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walifariki. Injili iliyopangwa kusomwa siku ile ilikuwa Marko 13:33-37, Yesu akiwaambia wanafunzi wakeshe kwa sababu hawajui saa. Wengi wetu hatujaweza kuisikia tena Injili ile kama zamani.

Kijana huyu alimpoteza mama yake na mdogo wake asubuhi ile. Miezi ya mwanzo hakulala. Akifumba macho anasikia ule mngurumo. Mtu akampa vidonge vilivyobaki vya mgonjwa wake, akalala. Akaendelea kununua. Kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, maana mwili huvizoea na kudai zaidi. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita hivyo. Siku aliyokuja kwangu alikuwa na picha kwenye simu. Ndani ya picha yuko kanisani, amevaa shati jeupe, amembeba mtoto wa dada yake mkubwa, na Padre anammiminia mtoto maji.

"Ticha, mimi ndiye baba wa ubatizo wa huyu mtoto," aliniambia. "Sikumbuki. Sikumbuki kanisa, sikumbuki chakula, sikumbuki kama niliitikia yale maswali. Ila tope nalikumbuka lote."

Nilimweleza nilichojua kama mwalimu. Vidonge vile haviendi kutafuta kumbukumbu ya zamani na kuifuta. Vinazuia mpya isiandikwe. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 3 Desemba ilibaki kamili, na kilichofutika ni mema yote madogo yaliyokuja baadaye na ambayo yangemsaidia kubeba asubuhi ile: mtoto mchanga, nyimbo za Pasaka, majirani waliokuja kumjengea, mavuno ya mahindi. Alikuwa amemeza vidonge ili asahau kifo, na akawa amesahau ubatizo.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa mimi ni baba wa ubatizo kweli au siyo?" Nilimpeleka kwa Padre, naye akamjibu kwamba Sakramenti haikushikiliwa na kumbukumbu yake. Mtoto amebatizwa, na kazi ya kumlea kiimani inaanza leo. Hospitali wanampunguzia dozi pole pole. Bado ana usiku mbaya, lakini mtoto akimwita anajua ameitwa.

6. Kama ulinyweshwa bila kujua

Hapa nasema na dada zetu hasa, na kaka pia. Wapo watu waovu wanaotia vidonge kwenye soda au pombe ya mwenzao ili wamtendee ubaya. Anayefanyiwa hivyo anaweza kuamka na pengo: anakumbuka kufika kwenye sherehe, hakumbuki kuondoka. Halafu jamii inamuuliza, "Kama hukumbuki, una uhakika gani?"

Nataka usikie hili vizuri. Kutokukumbuka si kukubali. Si ushahidi kwamba umetunga. Na si dhambi yako, kwa sababu dhambi ya mauti inahitaji kujua na kuridhia kwa hiari. Nenda hospitali mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 72, maana kuna kinga na matibabu ambayo hayangoji, na dalili za dawa hupotea mwilini haraka. Toa taarifa polisi kwenye dawati la jinsia. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Usibebe peke yako.

7. Imani yetu inasema nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inafundisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya huleta madhara makubwa kwa afya na uhai wa mtu, na kwamba nje ya tiba halisi ni kosa zito. Namba 2290 inatukumbusha fadhila ya kiasi, na inawaonya wanaohatarisha wengine barabarani kwa ulevi. Lakini tuulize: kwa nini Kanisa linajali hivyo akili ya mtu kuwa timamu?

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliandika kitabu kiitwacho Maungamo. Kitabu cha kumi humo ndani kinazungumzia kumbukumbu, na cha kumi na moja kinazungumzia muda. Hakuviweka jirani kwa bahati. Aliona kwamba yaliyopita yapo kwetu kwa njia ya kumbukumbu, ya sasa kwa kuyatazama, na yajayo kwa kuyatarajia. Akamtafuta Mungu humo humo kwenye kumbukumbu zake, za aibu na za furaha, na akagundua Mungu alikuwapo muda wote. Mtu aliyefuta kurasa zake atasoma wapi kwamba Mungu alipita?

Mtazame mwana mpotevu kwenye Luka 15. Hakuna aliyemfuata kule kwa nguruwe. Kilichomwinua ni kwamba alizirudia fikira zake, akakumbuka watumishi wa baba yake wanakula na kusaza. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa njia ya kurudi nyumbani. Ndivyo ilivyo kwenye Kitubio: kabla ya kuungama tunatafiti dhamiri, yaani tunakumbuka. Na katika Ekaristi, kwenye Luka 22:19, Yesu hakutuachia jengo wala mali. Alituachia tendo la kulifanya kwa ukumbusho wake. Mkatoliki ni mtu anayekumbuka.

Kuhusu muda, Zaburi 90:12 ni ombi la kufundishwa kuzihesabu siku zetu tupate hekima. Huwezi kuhesabu siku ambazo hukuwepo.

Na msalabani je? Marko 15:23 inasema kwamba kabla ya kumsulubisha walimpa Yesu divai iliyotiwa manemane, kinywaji ambacho wafafanuzi wengi wanaona kilikuwa cha kupunguza ufahamu wa maumivu. Hakukipokea. Hii haimaanishi mgonjwa akatae dawa ya maumivu. Katekisimu namba 2279 inaziruhusu waziwazi dawa za kutuliza, hata kwa anayekaribia kufa. Inamaanisha kwamba Yesu alitaka kuwepo pale akiwa na akili timamu kwa ajili yetu. Kwa sababu hiyo aliweza kumsikia yule mhalifu aliyemwomba amkumbuke, kwenye Luka 23:42, na kumjibu.

8. Kwa aliyenaswa tayari

Usisome hayo yote ukadhani huna nafasi. Katekisimu namba 1735 inasema wazi kwamba mazoea na mambo mengine ya nafsi yanaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Utegemezi ni ugonjwa pia, unatibika.

Na tunaye mtakatifu wa kumwendea. Marko Ji Tianxiang alikuwa daktari Mkatoliki huko China. Alitumia afyuni kutibu tumbo, ikamnasa. Kila alipoungama alirudia, mpaka muungamishi akaacha kumpa maondoleo, akidhani hana nia ya kuacha. Kwa karibu miaka 30 hakupokea Ekaristi, lakini hakuacha kusali wala kujihesabu Mkatoliki. Mwaka 1900, wakati wa mateso ya Wakristo, alikamatwa pamoja na jamaa zake. Inasimuliwa kwamba aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wao wa kufa bila mwenzake karibu. Mtu ambaye afyuni ilimshinda siku nyingi hivyo, saa ile alikuwepo, macho, kwa ajili ya wengine. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

9. Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, rudisha usingizi. Simu iwe mbali na kitanda, na usiku usiwe wa kukesha bila sababu. Kwa waendesha pikipiki, pangeni zamu na mkubaliane kwamba aliyekesha haendi safari ndefu. Hesabu ya siku moja inaweza kupungua, lakini mtahesabu nyingi.

Pili, kila jioni kaa dakika kumi ujiulize mambo matatu: leo nimepewa nini, leo nimekosa wapi, kesho nahitaji neema gani? Ukishindwa kukumbuka siku yako hata kidogo, hilo lenyewe likuonye.

Tatu, msiache uchungu wa msiba ukose maneno. Tuna Misa za marehemu, tuna mwezi wa Novemba, tuna jumuiya ndogo ndogo. Waliopotea kwenye tope tuwataje kwa majina, tusimulie walivyocheka. Usiku ukizidi ubaya, hospitali kuna watu wa afya ya akili, na kwenda kuwaona si wendawazimu.

Nne, kama umemeza vidonge vya kutuliza kwa muda mrefu, au unakunywa pombe kila siku, usiache ghafla ukiwa peke yako. Unaweza kupata degedege. Nenda hospitali wakupunguzie kwa utaratibu. Na vidonge vya aina hiyo usivichanganye kamwe na pombe, maana vyote viwili hupunguza pumzi.

Tano, ukimkuta mwenzako amezima kwa pombe au vidonge, usimwache amelala chali na usimmwagie maji ukaondoka. Mlaze kwa ubavu, kaa naye, na asipoamka au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali haraka. Taarifa za biashara ya dawa hizi hupokelewa na Mamlaka kwa namba 119, bila malipo.

Maswali ya kutafakari kwenye vikundi

Kuna kitu gani ninachotumia ili nisihisi uchovu au nisikumbuke jambo? Nikiketi kimya dakika kumi, ni kumbukumbu gani inakuja kwanza, na nimeshamwambia nani? Ni nani kwenye jumuiya yetu ambaye hatujamwona tangu msiba wake?

Sala

Ee Yesu Mwema, wewe uliyekesha Gethsemane wenzako wakilala, utujalie usingizi wa amani na macho ya kuiona siku yetu. Uponye kumbukumbu zinazotuumiza, bila kutunyang'anya zile zinazotushika mkono. Wakumbuke ndugu zetu waliokufa chini ya Mlima Hanang, na wale ambao tangu siku ile hawajalala. Na sisi tukisahau, wewe usitusahau. Amina.

Mtakatifu Augustino, utuombee. Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.

Mwenye swali aniulize Dominika baada ya Misa, au amtumie mlezi wa kikundi chake. Mungu awabariki.